Chombo Kisicho na Msumari

Mwezi wa Desemba mwaka 2022 alikuja kukaa nami hapa Horohoro mjukuu wangu wa kiume, mtoto wa mwanangu wa pili. Alikuwa na umri wa miaka 12. Mizigo yake ilikuwa begi moja la nguo, kompyuta ndogo ya kukunja, na kiroba kilichofungwa mdomo kwa kamba. Nilivuka hadi upande wa Lungalunga kumpokea, maana basi lililomleta kutoka Mombasa lilikuwa limejaa na sikutaka apotee katika msongamano wa mpakani. Tulipofika kwenye ukaguzi, afisa mmoja kijana, mpole sana, akakifungua kile kiroba na kutazama ndani. Akaingiza mkono, akatoa gao la vitofali vidogo vya plastiki, vya kijivu, vyekundu, vya manjano na vyeupe.

"Mzee," akaniuliza, "vyote hivi ni vya nini?"

Kabla sijafungua kinywa mtoto akajibu, "Ni chombo."

"Chombo gani?"

"Bado hakijajengwa."

Yule afisa akacheka, akafunga kiroba, akaturuhusu tupite. Mimi sikucheka. Nimefanya kazi ya ukarani kwa mawakala wa forodha hapa mpakani kwa miaka 27, nikaandika saruji, vitunguu, mafuta ya kula, matairi, mbao na mitumba ya kila aina. Lakini katika miaka hiyo yote sikupata kuandika shehena ya namna ile: chombo ambacho bado hakijawa chombo.

Ndugu msomaji, katika kurasa hizi nataka kueleza jinsi mimi na mtoto yule tulivyokijenga chombo hicho. Najua ni jambo dogo. Lakini limenirudisha kwenye jambo jingine la zamani ambalo nimelibeba kwa zaidi ya miaka 50 bila ya kumwambia mtu.

Kwanza niseme habari ya vitofali vyenyewe. Baba yake, ambaye yuko kazini Maskati, alikuwa akimtumia kidogo kidogo, kila alipompata mtu wa kumpa mzigo. Ni vile viitwavyo Lego, na asili yake ni karakana ya seremala mmoja wa kijiji cha Billund katika nchi ya Denmark, Ole Kirk Christiansen. Mwaka 1932, wakati dunia imebanwa na uhaba wa fedha na watu hawajengi nyumba wala hawanunui samani, seremala huyo aligeukia kutengeneza vitu vidogo vya mbao, pamoja na vya kuchezea watoto. Jina la Lego alilitoa katika maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vizuri". Vitofali vya plastiki vilianza kutengenezwa pale mwaka 1949, na tarehe 28 Januari 1958 ndipo iliombwa hataza ya kitofali cha namna tunayoijua leo, chenye vinundu juu na mirija ndani yake, ambavyo hushikana vizuri na bado vikaachana pale mtoto anapotaka.

Uzuri wa kitu hiki umo katika hesabu yake. Ukichukua vitofali 6 tu vya rangi moja, kila kimoja kikiwa na vinundu 8, unaweza kuviunganisha kwa namna 915,103,765. Hesabu hiyo si ya kubuni, imefanywa na wataalamu. Nilipomsomea mjukuu wangu, alinyamaza kidogo kisha akaniambia, "Babu, lakini namna iliyo sahihi ni moja tu." Hapo nikajua kuwa mtoto huyu hakuja kucheza.

Chombo alichotaka kukijenga hakimo katika boksi lolote linalouzwa dukani pamoja na karatasi ya maelekezo. Kimo katika mchezo wa kompyuta. Naam, michezo hii na vyombo vya anga vimekuwa pamoja tangu mwanzo. Mmoja wa michezo ya kale kabisa ya kompyuta ulitengenezwa mwaka 1962 na vijana wa chuo cha MIT huko Marekani, nao ulikuwa na vyombo viwili tu vinavyopigana kandokando ya nyota inayovivuta. Kimoja kiliitwa Sindano na kingine Kabari, kutokana na maumbo yao. Habari hiyo ilinifurahisha mno, kwani sindano na kabari ni vitu ambavyo utotoni nilivikuta ndani ya kapu la zana la marehemu baba yangu, na vyote viwili vilihusu vyombo.

Mchezo wa mjukuu wangu ni wa baadaye. Unaitwa Homeworld, ulitoka mwaka 1999, na mwaka 2015 ukatolewa upya ukiwa umeboreshwa picha zake. Baba yake aliucheza ujanani, naye akamrithisha. Nilimwomba anieleze kisa chake, tukakaa barazani, akanieleza kwa utulivu kama mtu anayesimulia habari za ukoo wake.

Kuna watu wanaoishi katika sayari ya jangwa iitwayo Kharak. Siku moja wanagundua mchangani mabaki ya chombo cha kale, na ndani yake jiwe lililochongwa ramani ya nyota. Juu ya jiwe hilo pana neno moja, Hiigara, ambalo maana yake ni "nyumbani kwetu". Ndipo wanapotambua kwamba hawakuwa wenyeji wa jangwa lile, bali walifika wakitokea mbali. Wanajenga chombo kikubwa ili warudi. Wanapotoka kwenda kukijaribu na kurejea, wanakuta sayari yao imeteketezwa kwa moto. Waliosalia ni wale waliomo chomboni na watu 600,000 waliolazwa usingizi wa baridi tayari kwa safari. Basi hawana pa kurudi ila mbele.

Nilimtazama mtoto yule, nikamwuliza, "Nani aliyekwambia habari za Shungwaya?"

Akasema hajui Shungwaya ni nini.

Sisi Wadigo, pamoja na ndugu zetu wengine wa Mijikenda, tumerithishwa masimulizi kwamba wazee wetu walitoka kaskazini, mahali paitwapo Shungwaya, wakafukuzwa kwa vita, wakateremka pwani hadi walipojificha katika misitu ya makaya. Makaya kadhaa upande wa Kenya yaliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wanahistoria wamebishana sana juu ya Shungwaya. Wapo wanaoikubali safari hiyo, na wapo wanaosema kuwa masimulizi yalikuzwa baadaye ili kuyaunganisha makabila. Mimi si mwanahistoria. Ninachojua ni kwamba jina hilo lilikuwa kinywani mwa bibi yangu kila alipoona mtu anajivunia sana mahali alipozaliwa. Alikuwa akisema, "Sote tumetoka Shungwaya, na hakuna aliyetoka na nyumba yake kichwani."

Na hapa Horohoro habari ya kwao na kwetu si maneno matupu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana huko Ulaya kwamba mpaka uanzie kwenye mdomo wa mto Umba, ukate moja kwa moja hadi Ziwa Jipe, uzunguke Kilimanjaro kwa kaskazini, kisha uendelee hadi Ziwa Viktoria. Kwanza mpaka huu ulikuwa mchoro tu. Baadaye mchoro ukageuka vigingi, vigingi vikageuka geti, na geti likawagawa watu wa ukoo mmoja. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, geti hilo lilifungwa, na halikufunguliwa tena mpaka mwishoni mwa mwaka 1983. Kwa hiyo sijawahi kumdharau mtu anayeniambia kuwa kitu ni cha karatasi tu, au ni picha tu katika kioo. Nimeona mchoro ukiwatenga ndugu.

Sasa nirudi kwenye chombo. Kile chombo kikuu cha mchezo hakilali kama meli. Kimesimama wima, kimepinda kama mwezi mchanga, na ubavuni kina uwazi mkubwa wa kutolea vyombo vidogo. Mtoto aliigeuza picha yake katika kompyuta pande zote, juu na chini, kisha akaanza kujenga juu ya meza yangu ya zamani ya kuandikia.

Tulibishana tangu siku ya kwanza. Mimi nilimwambia aanze na uti wa mgongo, kisha mbavu, halafu ngozi ya nje. Yeye akataka kuanza na ngozi ya nje, kwa sababu umbo ndilo analolijua, ya ndani hayaonekani katika mchezo. Nikamwachia. Siku ya tatu umbo lilifikia kimo cha dhiraa moja kasoro kidogo, likapendeza, na usiku likaanguka. Tuliamshwa na mmwagiko wa vitofali sakafuni kama mvua ya mawe.

Asubuhi tulikagua. Kosa lilikuwa jambo ambalo kila fundi mwashi hulijua: maungio yalipangana mstari mmoja kutoka juu hadi chini, na hapo ndipo lilipopasuka. Tofali la juu lazima lilalie matofali mawili ya chini. Mafundi wa vyombo nao wana sheria hiyo hiyo, kwamba maungio ya ubao mmoja yasikutane na maungio ya ubao wa jirani yake. Nilimweleza. Akaniuliza nimejulia wapi mambo ya vyombo na mimi ni karani. Nikamjibu kwamba baba yangu alikuwa fundi wa vyombo pale Moa. Akauliza, "Alijenga chombo gani?" Nikasema alijenga majahazi na mashua, na kuna wakati alijenga mtepe.

Hapo nilipaswa kuendelea kusema, nikanyamaza.

Kwa ajili ya msomaji ambaye hajapata kuusikia, mtepe ni chombo cha kushonwa. Mbao zake hazikupigwa msumari hata mmoja. Zilitobolewa matundu pembeni, zikaunganishwa kwa vijiti vya mti, kisha zikashonwa kwa kamba za usumba wa nazi, na matundu yakazibwa. Tanga lake lilikuwa la mraba, la mkeka. Omo yake ilitokeza mbele kama shingo na kichwa cha mnyama, na wapo waliosema kuwa ni mfano wa ngamia wa Mtume. Ubavuni mwa omo yalichorwa macho ili chombo kione njia. Mafundi wake mashuhuri walikuwa Wabajuni wa visiwa vya Lamu, na kazi yake kubwa ilikuwa kubeba boriti.

Ushonaji wa vyombo katika pwani hii ni wa kale kupita kiasi. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza kinataja mji wa biashara wa pwani ya huku ulioitwa Rhapta, na jina lenyewe linatokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu ya vyombo vyake. Watu wa zamani walikuwa na hadithi kwamba msumari haukutumika kwa kuwa baharini kuna mlima wa sumaku unaong'oa chuma chote. Mafundi wanayo sababu iliyo karibu zaidi: chuma kilikuwa ghali, na chombo kilichoshonwa hujinyonganyonga kidogo na mawimbi, kikigusa fungu hakivunjiki upesi. Tena mtepe ulijengwa kwa kuanza na ngozi. Mbao za nje zilishonwa kwanza, ndipo mataruma yakatiwa ndani. Kwa maneno mengine, mjukuu wangu, bila ya kufundishwa na mtu, alikuwa ameanza kama Wabajuni walivyoanza, na mimi mwenye kujifanya mjuzi ndiye niliyekuwa nimeshika utaratibu wa Wazungu. Kosa lake halikuwa pale pa kuanzia. Kosa lilikuwa katika mshono.

Mitepe ya mwisho ilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini. Baada ya hapo mtu aliyetaka kuujua ilimbidi atazame michoro ya watu waliowahi kuuona na kuupima, pamoja na mifano midogo iliyowekwa katika makumbusho. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Unguja, mafundi waliujenga upya mtepe mzima wa kushonwa, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Waliuita Shungwaya. Mafundi hao hawakupata kuuona mtepe ukitembea. Waliujenga kutokana na vipimo. Fikiri, msomaji: chombo kilikufa, mfano wake ukabaki, na kutokana na mifano na vipimo chombo kikazaliwa tena.

Baba yangu alizaliwa karibu na mwaka 1919, akawahi kuiona mitepe akiwa mtoto. Mwaka 1970, akiwa mtu mzima na macho yake yameanza kufifia, alinitengenezea mtepe mdogo wa kuchezea. Watoto wa pwani sote tulikuwa na vyombo vyetu. Tulichonga ngalawa za mti mwepesi tukazishindanisha maji yakiwa yanajaa, na wale wa bara kidogo walikuwa na magari ya waya yenye magurudumu ya ndala. Lakini hapakuwa na mtoto mwenye mtepe. Alifanya kazi ile miezi mitatu, jioni baada ya kazi. Alitoboa vibao kwa keekee ndogo, akavishona kwa uzi wa usumba aliousokota mwenyewe pajani. Siku moja nilimwuliza kwa nini asitie vijimisumari vidogo ndani, ambavyo hakuna atakayeviona. Akasema, "Ukitia msumari si mtepe tena, ni sanduku."

Mwaka uliofuata nilikuwa na miaka 14. Gari la mgeni mmoja aliyekuwa akitoka Mombasa kwenda Tanga lilipasuka gurudumu njiani. Sisi watoto tulimzunguka, mimi nikiwa na mtepe wangu mkononi. Akauona, akauchukua, akaugeuza pande zote kama mjukuu wangu anavyoigeuza picha yake katika kompyuta. Akanipa shilingi 20. Nilimpa chombo, nikaenda kununua tochi na betri mbili.

Nilirudi nyumbani usiku nikimulika njia. Baba alikuwa ameketi uani. Aliitazama tochi, akanitazama mimi, akaelewa. Hakunipiga. Hakuniuliza nimeuza kwa bei gani wala nimemwuzia nani. Aliniuliza neno moja tu: "Ulikipima kabla hujakitoa?"

Nikasema hapana.

Akaitikia, "Haya," akaingia ndani. Hakutengeneza mwingine, na macho yake hayakumruhusu tena. Alifariki mwaka 1979, mpaka ukiwa umefungwa. Ndugu yake wa Vanga, ambaye walijifunza ufundi pamoja, hakuweza kuja kumzika. Kwa hiyo hata yule mtu wa pili ambaye ningeweza kumwuliza habari za mtepe ule, vipimo vyake na mishono yake, sikumpata hadi naye akaondoka.

Nilimweleza mjukuu wangu habari hii usiku mmoja tukiwa tumeketi kando ya meza, umeme umekatika. Sijui kwa nini nilimweleza yeye, sikumweleza baba yake. Labda kwa sababu babu na mjukuu ni watani, na utani huachia ulimi. Yeye hakunifariji. Aliniuliza tu mtepe ule ulikuwa na urefu gani. Nikanyosha mkono, nikamwonyesha kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, nikasema, "Nadhani hivi." Akasema, "Mkono wako wa sasa, Babu, au wa wakati ule?"

Sikuwa na jibu.

Tulijenga tena. Safari hii tulikubaliana: ngozi ianze kama anavyotaka, lakini kila safu ilalie maungio ya safu iliyo chini yake, na kila baada ya safu sita vipite vitofali virefu vya kuvuka kutoka ubavu hadi ubavu, mfano wa mataruma. Mpindo wa mwezi mchanga ulitusumbua, maana kitofali ni mraba na hakijui kupinda. Kila safu ilibidi isogezwe kinundu kimoja mbele, baadaye irudi nyuma vivyo hivyo, hata jicho likiwa mbali lione mpindo. Uzito nao uliegemea upande mmoja. Tukaweka jiwe la ufukweni ndani ya kitako chake, kama farumi itiwavyo chini ya chombo kisipinduke. Vitofali vya kijivu vilipoisha nilimshauri tuchonge vibao na kuvipaka rangi, au tukate vipande vya ndala. Akakataa. Nilimshauri pia tukichoree macho kama mtepe. Akakataa hilo kwa nguvu zaidi, akasema, "Babu, chombo hiki hakina macho. Tukitia macho si chenyewe."

Nilitaka kukasirika. Kisha nikakumbuka sanduku la baba.

Palipokosekana kijivu alitia nyekundu na manjano, lakini upande wa ndani, usioonekana. Ubavu wa nje ulibaki kama ulivyo katika picha. Na plastiki isidharauliwe, ndugu msomaji. Huko Lamu, mwaka 2018, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini chombo cha urefu wa mita 9 hivi, kilichojengwa kwa takataka za plastiki zilizookotwa na kuvikwa ndala kiasi cha 30,000. Walikiita Flipflopi, na mapema mwaka 2019 kikasafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Fundi hachagui zama za kuzaliwa, hufanya kazi kwa kile ambacho bahari imemletea mlangoni.

Kazi ilikwisha mwezi wa Machi. Chombo kilisimama juu ya meza, kimepinda, kimya. Katika lugha yetu hatukuhitaji neno jipya kwa ajili yake. Chombo ni chombo, kiwe cha bahari au cha anga. Hata rubani alikuwa zamani yule mjuzi wa njia za maji anayeongoza chombo baina ya miamba, kama yule aliyechukuliwa na Vasco da Gama pale Malindi mwaka 1498. Leo ukimtaja rubani, watu hutazama juu. Lugha ilikwisha kuvuka kabla yetu.

Mwezi wa Julai mwaka 2023 ikaja habari kwamba karatasi za mtoto zimekamilika na atakwenda kukaa na baba yake Maskati. Nilifurahi, kama ipasavyo babu afurahi, kisha nikaingia chumbani nikakaa kitandani muda mrefu. Chombo kisingeweza kupakiwa kikiwa kizima. Alisema atakibomoa arudishe vitofali katika kiroba, maana alivihitaji. Hakuonekana kuhuzunika. Mimi ndiye niliyeshindwa.

Nikamwambia, "Ngoja." Nikafungua saraka, nikatoa daftari kubwa la hesabu, lile la mistari mekundu nililozoea kuandikia shehena. Tulikibomoa kwa siku nne, safu moja moja kutoka juu. Kwa kila safu nilichora mraba, nikaandika idadi ya vitofali, rangi, vinundu, na upande iliposogea. Yeye aliita, mimi niliandika: "Vinundu vinane, kijivu, vitatu. Vinne, kijivu, viwili. Viwili, chekundu, kimoja, ndani." Ilikuwa kazi yangu ya miaka 27, ila sasa nilikuwa naandika mzigo niliotaka ufike. Jumla ilikuwa vitofali 1,146 na jiwe moja. Jiwe aliniachia.

Alisafiri na kiroba na daftari. Mimi nilibaki na nakala.

Wiki sita zilipita. Kisha usiku mmoja simu yangu ikalia, na ndani yake ikaja picha: meza ngeni, pazia geni, na chombo kimesimama, kimepinda kama mwezi mchanga. Chini ya picha hakuandika salamu ndefu. Aliandika: "Shikamoo Babu. Ukurasa wa nne umekosea. Safu ya 11 ni vitofali 14, wewe umeandika 17. Jumla ni 1,143."

Nilichukua nakala yangu, nikahesabu. Mtoto alikuwa na haki. Nikakata 17 kwa mstari mmoja, nikaandika 14 pembeni, nikatia sahihi yangu kama tulivyokuwa tukifanya kazini kosa linaposahihishwa.

Halafu nikafungua ukurasa uliofuata, uliokuwa mtupu, nikaandika juu yake neno "Mtepe". Chini yake nikaandika ninayoyakumbuka. Urefu: dhiraa moja, mkono wa mtoto wa miaka 13. Mbao kila upande: tano, au sita. Uzi: usumba, umesokotwa pajani. Tanga: mkeka wa ukindu, mraba. Macho: mawili, meupe, katikati jeusi. Misumari: hakuna. Mahali nisipokumbuka nimeacha nafasi wazi. Nafasi hizo ni nyingi kuliko maandishi, lakini baba hakuniuliza kama ninakumbuka kila kitu. Aliniuliza kama nilikipima. Sasa nimeanza.